SOMO LA VIKUNDI: SETELAITI NI SHAHIDI MMOJA



Somo la robo hii tumeliandaa kwa ajili ya walimu wa shule zetu, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na vikundi vya wakulima na wavuvi wa Wilaya za Mbinga na Nyasa. Linahusu picha za dunia zinazopigwa na setelaiti, na namna tunavyoweza kuzitumia kujifunza habari za mvua, mashamba, misitu na ziwa letu. Linaweza kufundishwa kwa vipindi viwili au vitatu. Kiongozi alisome kwanza peke yake nyumbani. Vifaa vinavyohitajika ni daftari moja, chupa tupu ya plastiki ya lita moja na nusu, rula, kamba ya mita 30 na mti mmoja mnyoofu wa kuchomeka ziwani. Simu yenye intaneti ni nzuri kuwa nayo, ila kikundi kisicho nayo kisiahirishe somo.

Masomo ya kutangulia: 1 Wafalme 18:41-45, Kumbukumbu la Torati 19:15.

Mtumishi aliyetumwa mara saba

Tuanze na habari ya Eliya juu ya mlima Karmeli. Nchi ilikuwa imekauka kwa ukame wa muda mrefu. Eliya aliinama hadi chini akiomba, akamtuma mtumishi wake aende akaangalie upande wa bahari. Kijana akaenda, akarudi, akasema hakuna kitu. Akatumwa tena. Mara sita hakuona kitu. Mara ya saba aliona wingu dogo likitoka baharini, ukubwa wake kama kiganja cha mtu. Kwa wingu hilo dogo tu Eliya alimpelekea mfalme habari afunge gari lake ateremke, kabla mvua haijamkwamisha njiani.

Tukimtazama kijana huyu tunaona kwamba alikwenda mahali pa juu, akatazama upande uleule mara nyingi, na kila mara akasema alichokiona bila kuongeza chumvi, hata pale alipoona hakuna kitu. Setelaiti hufanya yale mawili ya kwanza kuliko mtu yeyote. Lile la tatu, la kusema kilichoonekana bila kuongeza, ni juu yetu sisi tunaosoma picha. Hapo ndipo penye shida, na sehemu kubwa ya somo hili inahusu hapo.

Macho yaliyo juu yetu

Setelaiti ni chombo kilichorushwa angani ili kiizunguke dunia. Zipo za aina nyingi. Wengine husikia neno hili wakafikiria madishi ya televisheni tu, na hawajakosea, kwani hata hayo hupokea matangazo kutoka kwenye setelaiti. Sisi tunazungumzia zile zenye kamera na vipimo.

Kwanza kuna zilizo mbali sana, kilomita 36,000 hivi juu ya Ikweta. Zinakwenda sawasawa na mzunguko wa dunia, kwa hiyo kwetu ni kama zimesimama mahali pamoja. Setelaiti za Meteosat za nchi za Ulaya ni za namna hiyo. Zinatazama bara zima la Afrika usiku na mchana na kutuma picha kila dakika 15 au pungufu. Kwa kuwa zipo mbali, haziwezi kuliona shamba lako, lakini kimbunga zinakifuata tangu kinapozaliwa. Mwaka 2023 kimbunga kilichoitwa Freddy kilianza karibu na Australia mwezi Februari, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kikaipiga Msumbiji mara ya pili, na mwezi Machi kikamwaga mvua kubwa kusini mwa Malawi. Kwa zaidi ya majuma matano kilikuwa kinaonekana kila siku kwenye picha. Hata hivyo huko Malawi watu zaidi ya elfu moja walikufa au hawakuonekana tena, wengi wao kwa mafuriko na maporomoko ya udongo katika vitongoji vya Blantyre vilivyo chini ya mlima. Malawi ni jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, na milima yetu ni mikali pia. Kikundi kitafakari habari hii kwa utulivu: kimbunga kuonekana kwenye picha ni jambo moja, na habari kumfikia mama anayelala na watoto chini ya mteremko, kutoka kwa mtu anayemwamini, ni jambo jingine.

Pili kuna zinazopita chini zaidi, kati ya kilomita 700 na 800 juu yetu. Ya kwanza ya familia ya Landsat ilirushwa na Marekani mwezi Julai 1972, na kazi hiyo haijakatika hadi leo. Landsat 8 na Landsat 9 kila moja hurudi juu ya mahali palepale baada ya siku 16, na kwa kuwa zinapishana, kwa pamoja tunapata picha kila baada ya siku 8. Nchi za Ulaya nazo zina Sentinel-2, ambazo zikiwa mbili hurudi kila siku 5. Huku kwetu hupita karibu na saa tano asubuhi. Saa hiyo tuikumbuke, tutairudia.

Zamani picha hizi zilikuwa za wenye fedha. Picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600 za Marekani. Mwaka 2008 Marekani iliamua kuzitoa bure kwa kila mtu, na zile za Sentinel zimekuwa bure tangu mwanzo. Kwa hiyo leo mwalimu wa Lituhi na profesa wa Ulaya wanaweza kufungua picha ileile. Tofauti iliyobaki ni bando na umeme.

Mraba mmoja, mashimo mia mbili

Zoezi la kwanza lifanyike shambani. Chukueni kamba ya mita 30, mpime mraba wa mita 30 kwa 30 kwenye shamba la ngoro. Vijana wasimame kwenye pembe nne. Kisha hesabuni mashimo yaliyomo. Kama kila ngoro pamoja na kingo zake ina mita 2 hivi kila upande, mtapata kama mashimo 225. Sasa kaeni chini mwaambie vijana: eneo hili lote, pamoja na mashimo yake yote, kwa Landsat ni doa moja lenye rangi moja. Kwa Sentinel-2, ambayo mraba wake mdogo kabisa una mita 10 kila upande, doa moja ni mashimo 25. Picha za kulipia zenye uwezo wa kuona kitu cha nusu mita ndizo zinazoonyesha ngoro zenyewe, zikiwa zimejipanga mlimani kama sega la nyuki. Baadhi ya picha hizo huwekwa kwenye Google Earth, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua.

Kwa wasomaji wetu wa ziwani ambao hawalimi ngoro, tueleze kidogo. Wamatengo hufyeka nyasi, wakazipanga juu ya ardhi kwa mistari inayokatana ili kufanya miraba. Kwa desturi kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Kisha akina mama huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi. Katikati linabaki shimo, na kingo zinakuwa na mbolea ndani yake. Mwezi Machi maharage hupandwa kwenye kingo, na mvua za msimu unaofuata hupandwa mahindi. Maji ya mvua badala ya kuteremka na udongo huishia shimoni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kuujifunza ukulima huu kuanzia miaka ya 1990, na kijiji cha Kindimba kikajulikana mbali. Babu zetu walilima miteremko hii bila kupoteza udongo kabla setelaiti yoyote haijarushwa.

Swali ambalo vijana huuliza ni hili: kama doa lina rangi moja tu, setelaiti inajuaje kwamba shamba lina afya? Jibu liko kwenye jani. Jani bichi hula mwanga mwekundu wa jua ili kutengeneza chakula chake, na hutupa nje aina nyingine ya mwanga ambayo jicho la binadamu haliioni. Kamera ya setelaiti inaziona zote mbili. Mwanga mwekundu ukirudi kidogo na ule usioonekana ukirudi mwingi, hapo pana majani mabichi. Vikianza kukaribiana, majani yananyauka au yamevunwa. Kwa njia hiyo mtu anaweza kufuata eneo la Mbinga tangu mvua za Desemba hadi ukame wa Oktoba, na kulinganisha mwaka huu na mwaka wa nyuma.

Lakini ubichi si jina la mmea. Kahawa iliyo chini ya miti ya kivuli, pamoja na migomba, kutoka juu hufanana sana na msitu. Kinyume chake, shamba la mikaratusi lililopandwa na kikundi na kuvunwa kwa utaratibu huonekana katika ramani za dunia kama msitu uliopotea, kwa sababu ramani ile huhesabu miti iliyoondoka bila kuuliza nani aliipanda. Mfadhili akija na ramani yenye madoa mekundu juu ya kijiji chenu, msigombane naye. Mpelekeni shambani.

Zoezi la pili linapendwa sana na wazee. Chapisheni picha moja ya eneo lenu kwenye karatasi, hata kama ni steshenari ya mjini Mbinga, mkaiweke mezani. Ukiitazama safu ya Umatengo kutoka juu, vijito huonekana kama mishipa ya jani, na kati ya kijito na kijito unaona mgongo wa mlima. Kila mgongo ni ntambo, yaani ardhi ya ukoo. Picha haina jina hata moja. Waombeni wazee wataje: huu ni ntambo wa nani, kijito hiki kinaitwaje, hiki kilikauka lini, hapa palikuwa na msitu wa maziko. Kijana mmoja aandike majina kwa kalamu juu ya picha. Karatasi hiyo itunzwe ofisini. Tumeona vikundi ambavyo vilikaa saa tatu juu ya karatasi moja na somo likaishia hapo, na hatukuona vibaya.

Kosa nililolifanya

Hapa ninaomba kusema habari yangu mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike somo hili.

Mwaka mmoja nilikuwa nimejifunza kusoma picha hizi na nilijivuna kidogo. Nilichukua picha ya mwezi Juni ya miteremko inayoangalia ziwa, nikaona mabaka meusi katika makorongo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ardhi iliyoungua huonekana nyeusi. Nikahesabu mabaka, nikayatia alama, nikaenda kwenye mkutano wa kijiji kimojawapo nikasimama mbele ya watu na karatasi yangu. Nilisema kwamba mwaka huo moto umeanza mapema, na kwamba serikali ya kijiji ina wajibu wa kuwatafuta wenye mashamba yaliyo karibu na mabaka yale. Majina ya watu wawili yalikwisha kutajwa, na faini ilikuwa imeanza kuzungumzwa.

Mzee mmoja aliomba kuiona karatasi. Aliigeuza mara mbili, akaniuliza: "Mwalimu, picha hii ilipigwa saa ngapi?"

Nikamjibu ni karibu na saa tano asubuhi.

Akasema: "Saa tano, mwezi wa sita, ndani ya korongo lile jua bado halijaingia. Na nyasi za mwezi wa sita zina maji. Nani amezichoma?"

Yale mabaka yalikuwa vivuli. Mwezi Juni jua letu liko upande wa kaskazini, na asubuhi linatokea nyuma ya mlima, kwa hiyo kuta za makorongo yanayotazama magharibi hubaki gizani. Kesho yake tulikwenda na vijana hadi kwenye baka lililo karibu. Nyasi zilikuwa kijani na zimelowa umande. Niliwaomba radhi wale ndugu wawili mbele ya mkutano uleule, na sikuona raha.

Ningeweza kujiokoa kwa njia rahisi. Kuna ramani ya mioto inayoitwa FIRMS, ambapo setelaiti zinazopima joto huweka alama mahali palipowaka. Mwezi Agosti hadi Oktoba kusini yote ya Tanzania hujaa alama hizo. Kama ningeifungua na kukuta hakuna alama hata moja mahali pale, ningeshtuka. Tena ningeweza kutazama picha ya mahali palepale ya mwezi Desemba, wakati jua liko juu ya vichwa vyetu, nikaona kama baka lipo au halipo. Sikufanya hivyo. Nilitazama mara moja, wakati mtumishi wa Eliya alitumwa mara saba.

Sheria ya Musa haikumruhusu mtu kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja. Walitakiwa wawili au watatu. Kikundi kisome mstari ule na kujiuliza: picha ya setelaiti ikiletwa kwenye baraza la kijiji, ni shahidi wa namna gani? Haisemi uongo, na haina ndugu katika kijiji. Lakini imepita kwa nukta chache tu, saa tano asubuhi, na yule anayeisemea ni binadamu. Wakati huu ambapo ramani za setelaiti zinatumika kugawa misaada, kupima misitu na hata kusuluhisha mipaka ya mashamba, maskini anaweza kupoteza haki yake kwa sababu hakujua kuuliza saa.

Ziwa lilifika wapi?

Sehemu hii ni ya ndugu zetu wa mwambao, kuanzia Lituhi, Lundu na Liuli hadi Mbamba Bay na kuendelea mpaka mpakani na Msumbiji.

Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire ulio kusini kabisa huko Malawi. Lakini maji mengi zaidi hayatokei huko. Yanapanda hewani kama mvuke. Kwa hiyo mvua ikipungua miaka michache mfululizo ziwa hushuka, na ikizidi hupanda. Kila mwaka hupanda na kushuka kiasi cha mita moja hivi, likiwa chini kabisa kabla ya mvua na juu kabisa karibu na mwezi Mei. Hilo kila mvuvi analijua. Jambo ambalo vijana hawalijui ni mwendo wake wa miaka mingi. Kati ya mwaka 1915 na 1935 ziwa lilikuwa chini kiasi kwamba maji yaliacha kabisa kutoka kwa Mto Shire. Baadaye likapanda pole pole, na mwaka 1979 na 1980 likafikia kilele, karibu mita 477 juu ya usawa wa bahari. Kati ya chini kabisa na juu kabisa ni zaidi ya mita 6, yaani zaidi ya kimo cha nyumba. Miaka ya 1990 baada ya ukame likashuka tena.

Siku hizi setelaiti hupima kimo cha ziwa. Chombo hutuma mlio wa redio chini, ukagonga maji na kurudi, na kwa kuhesabu muda uliotumika hupatikana umbali, na kutoka umbali hupatikana kimo cha maji kwa tofauti ya sentimita chache. Kazi hii ilianza na TOPEX/Poseidon iliyorushwa mwaka 1992, ikafuatiwa na Jason, na sasa kuna Sentinel-6 iliyorushwa mwaka 2020. Matokeo yake yanaonekana bure katika tovuti za Hydroweb ya Ufaransa na G-REALM ya Marekani. Mtakapotafuta, andikeni jina Malawi, maana wao ndivyo walivyoliandika ziwa hili. Tusianze kugombana na kompyuta.

Tovuti nyingine inaitwa Global Surface Water Explorer, iliyotengenezwa na Umoja wa Ulaya kutokana na picha za Landsat. Ukisogeza hadi kwenye ghuba ya Mbamba Bay utaona rangi zinazoonyesha mahali ambapo maji yapo siku zote, na mahali ambapo huja na kuondoka. Ni chombo kizuri sana kwa mtu anayetaka kuchimba kisima, kujenga darasa au kuweka choo karibu na ufuko.

Lakini tazameni tarehe. Kumbukumbu ya ramani hiyo inaanza mwaka 1984, na zile setelaiti zinazopima kimo zilianza 1992. Ziwa lilifikia kilele mwaka 1979 na 1980. Maana yake ni kwamba mtaalamu kijana anaweza kufungua ramani, akaona mahali fulani pameandikwa pakavu tangu mwanzo, akaruhusu choo kichimbwe, na hali babu yake alipita hapohapo kwa mtumbwi. Choo kikifikiwa na maji, tunajua kinachofuata katika kijiji kinachokunywa maji ya ziwa. Kipindupindu hakisomi ramani.

Kwa hiyo zoezi la tatu ni hili. Kikundi kitafute watu watatu au zaidi ambao mwaka 1980 walikuwa na akili ya kukumbuka, yaani wenye miaka zaidi ya 55 sasa. Kila mmoja aende peke yake na kijana mmoja, asisikie wengine wanasema nini, akaonyeshe mahali maji yalipofika: mwembe gani, jiwe gani, ukuta gani wa kanisa la zamani. Kijana achomeke kijiti. Mkimaliza, linganisheni vijiti. Vikikaribiana, mmepata mstari ambao setelaiti yoyote ya leo haiwezi kuwapa, na serikali ya kijiji iandikiwe barua. Vikiachana sana, waulizeni tena, kwa heshima.

Pamoja na hilo chomekeni ziwani mti wenye alama za sentimita, mahali penye utulivu, mbali na mitumbwi. Kila Jumapili baada ya ibada mtu mmoja asome maji yamefika wapi na kuandika. Baada ya mwaka linganisheni daftari lenu na mchoro wa setelaiti. Msishangae ikiwa siku za upepo mkali wa kusi-mashariki, ule ambao wavuvi wengi wa ziwa hili huuita mwera, mti wenu utapingana na mchoro. Upepo husukuma maji, na mawimbi hudanganya jicho. Andikeni pia hali ya upepo.

Chupa na mvua

Kata sehemu ya juu ya chupa ya plastiki, igeuze kichwa chini iwe kama mrija wa kumiminia, na uirudishe ndani ya ile ya chini. Tia kokoto chini na maji kidogo hadi mahali chupa inapokuwa nyoofu. Hapo weka alama ya sifuri na ufunge rula kwa nje. Iweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Kila siku saa tatu asubuhi soma milimita, andika, mwaga, rudisha maji kwenye sifuri. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba ya shamba.

Kuna hesabu za mvua za setelaiti pia. CHIRPS ina kumbukumbu tangu mwaka 1981, ikichanganya picha za mawingu na vipimo vya ardhini, na TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading huko Uingereza ina kumbukumbu za Afrika tangu 1983. Shule ya Mbinga inaweza kuona mvua za miaka zaidi ya arobaini juu ya eneo lake. Hazina hii si ndogo. Ila mraba wa CHIRPS una kilomita kama 5 kila upande, na katika Umatengo kilomita 5 ni mlima na bonde, huku kunanyesha na kule jua linawaka. Tena hesabu nyingi za mvua hutegemea wingu lenye kilele cha baridi, lililopanda juu sana. Wingu la mlimani lisilopanda sana linaweza kunyesha siku nzima, na setelaiti ikahesabu mvua kidogo. Daftari la chupa yenu ndilo litakaloonyesha.

Jambo hili lina uzito mwezi Novemba na Desemba. Mvua moja au mbili zikinyesha, mwenye haraka hupanda, kisha jua huwaka majuma mawili na mbegu hufa. Mbegu ya pili hununuliwa kwa mkopo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za msimu kabla hazijaanza. Kikundi chenye daftari la miaka mitatu au minne kitausikiliza mwelekeo huo kwa masikio tofauti na kikundi kisicho nalo.

Kwa shule, programu ya GLOBE iliyoanza mwaka 1995 inafaa, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga. Wanafunzi hutazama mawingu kutoka chini, wakaandika ni ya aina gani na yamefunika sehemu gani ya anga, wakatuma kwa simu. Setelaiti ikiwa imepita karibu na saa hiyo, hurudishiwa kile ilichoona kutoka juu. Ni Eliya na mtumishi wake kwa mtindo wa leo. Wanasayansi wanahitaji majibu ya wanafunzi hao, kwa sababu wingu lililo chini ya wingu jingine setelaiti hulikosa. Mwalimu asiye na simu ya kutumia atumie daftari. Tovuti nyingine za kuanzia ni NASA Worldview na Copernicus Browser. Nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo mpeni kazi ya kutafsiri mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne.

Maswali ya kujadiliana

Mtumishi wa Eliya alirudi mara sita na habari ya kwamba hakuna kitu. Katika kikundi chetu, je, anayeleta habari ya namna hiyo anasikilizwa?

Je, kuna mtu kijijini kwetu aliyewahi kulaumiwa kwa ushahidi ambao hakuna aliyeuchunguza? Alirudishiwa heshima yake kwa njia gani?

Ni majengo gani yetu, ya parokia, ya shule au ya zahanati, yaliyojengwa karibu na maji? Nani alichagua mahali pale, na alimwuliza nani?

Daftari la mvua litakaa kwa nani, na akisafiri atamwachia nani?

Ni nani katika jumuiya yetu anayekumbuka maji yalipofika mwaka 1980, na nani ataenda kumwona kabla ya mvua za mwaka huu hazijaanza?